Menyu Iliyomponza Mama Muhuri

Jumatatu hiyo Mama Muhuri alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida yake. Alivua viatu mlangoni, akaweka mkoba juu ya meza, na kutoka ndani ya mkoba akatoa muhuri wake wa mbao, ule wenye pembe moja iliyomeguka, ukiwa umefungwa kwa leso. Aliuficha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, akarudishia mlango wa kabati, kisha akauliza kama kuna chai.

Binti yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Fundi, alikuwa mbele ya kompyuta kwenye meza hiyohiyo. Kampuni yao ya programu ilimruhusu kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, na hiyo ilikuwa mojawapo.

"Mbona mapema, mama?"

"Foleni imeisha mapema."

Tuseme ukweli. Katika kliniki ile foleni haijawahi kuisha mapema tangu jengo lipakwe rangi ya kwanza. Mama Muhuri alikuwa amekaa mapokezi pale miaka ishirini na sita akigonga kadi za wagonjwa, hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Fundi alipaswa kushtuka. Lakini alikuwa anapigana na safu ya vitufe iliyokataa kunyooka, na yeye akishapigana na vitufe, ukiezua paa la nyumba hatoki kwenye kiti. Alinyoosha mkono bila kugeuka, akasema chai iko kwenye chupa.

Mama alikunywa chai yake akiwa amesimama.

*

Aliyeutoa ukweli nje alikuwa mlinzi wa kliniki, na aliutoa akiwa na povu kidevuni.

Mume wa Fundi alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kioo kimoja kirefu, na redio iliyoshika stesheni pale tu ilipojisikia. Jumatano mchana mlinzi alikaa kwenye kiti cha kwanza, akafumba macho, akaanza kutapika habari kama wateja wote wanavyofanya wakishawekewa taulo shingoni.

"Yule bibi wa mapokezi unamjua? Mama Muhuri?"

"Namsikia," akajibu Kinyozi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekula mkate uliopakwa siagi na Mama Muhuri mwenyewe.

"Basi kaharibu. Hii kompyuta mpya imemshinda. Mafaili kumi na saba yamepotea mkononi mwake. Juzi kuna jamaa mmoja mguu umemvimba hivi, kakaa tangu saa mbili mpaka saa saba, jina haliitwi. Kumbe faili halipo! Akanyanyuka, akamwambia mbele ya umati mzima: 'Bibi, kama macho yamechoka si ukae nyumbani ulee wajukuu?'"

"Akajibu nini?"

"Angejibu nini? Aliomba radhi. Sasa wamemtoa kwenye meza, wamemweka kwenye benchi la mlangoni agawe vibao vya namba. Ijumaa saa nne kuna kikao. Watu wanasema unga umeshamwagika."

Wembe ulisimama chini ya sikio la mlinzi.

"Usitikisike," Kinyozi akamwambia, ingawa aliyetikisika alikuwa yeye. Alimaliza kumnyoa kimyakimya, akafunga kibanda kabla ya saa kumi, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na homa.

*

Fundi alimkuta mama yake jikoni akimenya vitunguu. Vitunguu ni rafiki mzuri wa mtu asiyetaka kuulizwa juu ya macho yake, na Mama Muhuri alikuwa amemenya vinane kwa chakula cha watu watatu.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama hakuuliza kuambiwa nini. Alimtupia jicho mkwewe aliyesimama nyuma ya mkewe, na Kinyozi akaangalia dari.

"Ningekuambia nini, mwanangu? Ni umri. Mkono umechoka."

"Mkono wako unatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza."

"Sindano si kompyuta."

"Hayo mafaili yanapoteaje? Unabonyeza wapi?"

Mama aliweka kisu chini. "Hebu nikuulize mimi. Ile programu nani aliitengeneza?"

"Sisi. Kampuni."

"Na ile orodha ndogo inayochomoza ukibonyeza kulia, ile yenye Fungua, sijui Hamisha, nani aliitengeneza?"

"Mimi."

"Basi," akasema Mama Muhuri, akachukua kitunguu cha tisa. "Ndiyo maana nimenyamaza."

Ilikuwa kweli. Ile menyu ndiyo kazi ya kwanza Fundi aliyopewa alipoingia kwenye kampuni, miezi mitano iliyopita. Kwenye skrini ya mapokezi kulikuwa na orodha ya wagonjwa kwa mpangilio wa kufika, ishirini na tano kila ukurasa. Ukipeleka mshale kwenye mgonjwa na kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, menyu ya mistari minne inachomoza: Fungua, Hamisha, Chapisha, Futa. Zana za kutengenezea madirisha na vitufe vya skrini zinakuja na menyu ya aina hiyo tayari, unaiita tu. Lakini Fundi hakutaka kuiita tu. Alitaka impunguzie mtu kazi, kwa hiyo aliipanga ijifungue mshale ukiwa tayari juu ya mstari wa kwanza, ili anayetaka Fungua asisogeze mkono hata kidogo. Alisifiwa kwa hilo. Siku hiyo alikuja nyumbani na keki.

"Njoo mezani, mama," akasema. "Vitunguu vinatosha."

*

Aliifungua programu kwenye kompyuta yake, akajaza wagonjwa ishirini na tano wa uongo, akampisha mama kiti. Mama Muhuri alifuta mikono kwa kanga, akakaa wima kama aliyekaa kazini, akashika kipanya.

"Fungua faili la yule wa kwanza. Fanya vilevile unavyofanya pale."

Mama alipeleka mshale. Akabonyeza kitufe cha kulia na kukishikilia. Midomo yake ilihesabu bila sauti: moja, mbili. Kisha akainua kidole taratibu. Faili likafunguka.

"Si unaona? Hapa linafunguka vizuri."

Fundi aliinamia skrini. Lile faili halikupaswa kufunguka hivyo. Mtu alipaswa kubonyeza kulia, menyu ichomoze na kubaki, kisha abonyeze tena kuchagua. Mama yake alikuwa anafanya yote kwa mbonyezo mmoja na wala hakujua.

"Nani kakufundisha kubonyeza hivyo?"

"Nani anifundishe kubonyeza?" Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Muhuri ukiuinua haraka wino haushiki. Unaukalia kidogo. Moja, mbili, ndiyo unainua. Miaka yote hiyo hakuna kadi yangu iliyorudishwa kwa kutosomeka."

"Sasa bonyeza wa mwisho. Yule wa chini kabisa."

Mama aliondoa mkono kwenye kipanya. "Huyo hapana."

"Kwa nini?"

"Wa chini ndio wanaoondoka."

"Unajua?"

"Najua nini mimi? Nimeona tu. Wale watatu wa mwishomwisho wana mkosi. Nikikumbuka huwa namwomba msichana wa dirisha la pili aje anifungulie. Anakuja, lakini anapumua hivi." Alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa. "Foleni ikiwa kubwa nasahau, nabonyeza mwenyewe, mtu anaondoka."

"Bonyeza, mama. Hawa si watu wa kweli."

Akabonyeza. Chini ya mstari ule hapakuwa na nafasi ya menyu, kwa hiyo ilijigeuza na kuchomoza kwenda juu, kama zana zile zinavyofanya zenyewe skrini ikiisha. Sasa mshale haukuwa juu ya mstari wa kwanza tena. Ulikuwa juu ya ule wa mwisho. Moja, mbili. Mama akainua kidole, na mgonjwa wa ishirini na tano akatoweka kwenye orodha bila hata kuaga.

Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga mluzi. "Mimi nikifanya hivyo, mteja anarudi kwao na sikio moja."

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa ameshaelewa yote, na alitamani asingeelewa. Menyu inajua watu wa aina mbili. Kuna anayegonga na kuinua kidole upesi, huyo inambakia wazi achague kwa nafasi yake. Na kuna anayebonyeza, akashikilia, akaburuta mshale mpaka kwenye mstari autakao na kuachia hapo, na pale anapoachia ndipo alipochagua. Mama Muhuri hakuwa anaburuta. Alikuwa anakalia wino. Menyu ikamhesabu kuwa amechagua, na kwa wale watatu wa chini, kila alipoinua kidole alikuwa amechagua Futa. Fundi alikuwa ameijaribu menyu ile mara mia na zaidi kabla ya kuikabidhi, zote kwa kidole chake mwenyewe, kidole cha mtu aliyezoea kugonga.

Alifunika uso kwa mikono. Akalia kwa sauti kama mtoto.

"Wamekuaibisha kwa ajili yangu, mama. Umekaa kwenye benchi kwa ajili yangu."

"Shii! Benchi ni benchi tu, nimekaa. Nisikilize." Mama alimshika mkono. "Wewe uko kwenye majaribio, si ndiyo? Mwisho wa mwezi ndiyo wanakuajiri moja kwa moja. Mimi nimebakiza mwaka mmoja na nusu. Usiende kusema kitu. Wewe itengeneze kimyakimya, mimi Ijumaa nitaomba radhi, yaishe."

"Na jina lako?"

"Jina langu wanalijua wanaonijua."

"Mama," akasema Kinyozi, "mimi ni mkwe tu, sina sauti hapa. Lakini leo mteja amenihadithia habari zako kama kichekesho, na mimi nikamnyoa mpaka mwisho bila kumjibu. Sitaki kumnyoa mtu mwingine namna hiyo."

Fundi alifuta uso. "Halafu ukiondoka wewe, atakuja mwingine. Atakuwa na kidole kizito, au kilichofungwa bandeji, au mtu mwoga anayebonyeza kwa kujishauri. Naye watamwambia macho yamechoka. Hili ni langu, mama. Niachie nilibebe."

Mama Muhuri akaenda chumbani kwake na kurudi na daftari lenye jalada gumu.

"Basi kama unakwenda," akasema, "usiende mikono mitupu."

*

Bosi wa Fundi alikuwa mtu mwembamba aliyetembea na chupa ya maji kila mahali, hata kwenye mikutano ya dakika tano. Alhamisi asubuhi alimsikiliza Fundi amesimama, akinywa kidogokidogo, na wenzake Fundi wakiwa wameinamisha vichwa kwenye meza zao kwa namna ile ya watu wanaosikiliza kwa masikio yote.

"Hiyo si kasoro," akasema Fundi alipomaliza. "Hayo ni matumizi mabaya. Mwambie mama yako abonyeze haraka."

Kijana wa meza ya pili aliguna kicheko, akajifanya anakohoa. Fundi alisikia moto usoni.

"Bosi, mkono unaobonyeza polepole ndio ulionipeleka shule. Siwezi kwenda kuuambia uharakishe."

"Kwa hiyo unataka kesho niende mbele ya mteja, niseme tumekosea? Unajua hao wanaweza kukatisha mkataba?"

"Sitaki useme chochote. Nataka uje ubonyeze."

Bosi alifungua kizibo cha chupa, akakifunga tena bila kunywa. Alikuwa na uwezo wa kumfukuza palepale, na wote wawili walijua.

"Saa ngapi?" akauliza.

*

Ofisi ya Msimamizi wa kliniki ilikuwa na meza kubwa na viti vinne. Kimoja cha Msimamizi, kimoja cha nesi mkuu, kimoja cha Bosi wa Fundi, na cha nne kilikuwa kimebeba mabunda ya karatasi ambayo hakuna aliyejitolea kuyaondoa. Mama Muhuri alisimama karibu na mlango na mkoba wake kifuani. Fundi akasimama kando yake.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi iliyokuwa mbele yake ilitoka kwenye programu yenyewe: siku, saa, na jina la aliyefuta. Mistari kumi na saba, jina moja.

"Mama yetu, tunakuheshimu sana," akaanza, na kila mtu chumbani akajua kinachofuata. "Lakini hii karatasi haina chuki na mtu. Hawa ni wagonjwa. Kuna mtu alikaa na mguu wake saa tano nzima."

"Ni kweli, baba," akasema Mama Muhuri. "Namkumbuka. Alikuwa na haki ya kukasirika."

"Naomba kusema," akaingilia Fundi. Aliieleza menyu, jinsi inavyojigeuza mwisho wa skrini, na kidole kinachokawia. Alisema maneno "nilikosea mimi" mara tatu, maana mara mbili za kwanza hakuridhika nayo.

Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu kwa huruma. "Wewe ni binti yake?"

"Ndiyo."

"Basi unamtetea mama yako. Hata mimi ningefanya hivyo."

"Ni mama yangu. Na menyu pia ni yangu. Sina njia ya kumtetea mmoja bila kumshitaki mwingine."

Nesi mkuu alinyanyua macho. Mama Muhuri akafungua mkoba na kuliweka daftari juu ya meza.

"Mimi huwa naandika," akasema. "Kompyuta ilipokuja waliniambia niache, sikuacha. Kila mgonjwa aliyepotea kwenye mashine nilimwandika hapa: namba ya kibao chake, anaumwa nini, kaja na nani. Ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyekwenda nyumbani bila kuonwa. Walichelewa, lakini walionwa."

Bosi ndiye aliyelivuta daftari. Alisoma kwa kidole, akishuka mstari kwa mstari, na chupa yake ya maji aliisahau sakafuni. "Ishirini na nne," akasoma. "Arobaini na tisa. Ishirini na tano. Sabini na tatu. Hamsini. Ishirini na tatu. Sabini na tano..." Ukurasa mmoja ni watu ishirini na tano. Kila namba kwenye daftari lile ilikuwa ya mmoja wa watatu wa mwisho wa ukurasa wake. Mkono uliochoka ungepoteza mtu yeyote, wa juu, wa kati, wa chini. Mkono huu haukuwa umempoteza wa juu hata mmoja.

"Naomba hiyo kompyuta," akasema Bosi.

Fundi alifungua orodha ya majaribio. Bosi alipeleka mshale chini, akabonyeza kulia.

"Usiinue bado," akasema Mama Muhuri kwa upole, kama anayemfundisha mtu mpya kazi. "Moja. Mbili. Sasa."

Mstari ukatoweka.

Msimamizi alivuta kipanya upande wake, akajaribu mwenyewe. Moja, mbili. Ukatoweka mwingine. Akajaribu tena, akakunja uso, na wa tatu akaenda zake.

"Lakini ingeuliza!" akasema. "Kitu kinafutwaje bila kuuliza?"

Fundi alifungua mdomo, lakini Bosi alimtangulia. "Lilikuwepo swali. 'Una uhakika?' Yeye aliliweka. Mimi nikamwambia alitoe, eti linachosha watu." Alisema bila kumtazama mtu. "Hilo ni la kwangu."

Mama Muhuri akauliza jambo pekee alilotaka kulijua tangu Jumatatu. "Na wale kumi na saba? Mafaili yao yamekufa?"

"Hayajafa, mama. Futa inayaficha tu. Jana nimeomba ruhusa, nimeyarudisha yote."

"Asante Mungu," akasema Mama Muhuri, na hapo ndipo alipoegemea ukuta.

Msimamizi alisimama. Alizunguka meza, akakisukuma kiti chake mwenyewe, kile chenye magurudumu, mpaka kwa Mama Muhuri. "Kaa, mama," akasema. "Tumekusimamisha vya kutosha." Yeye ndiye aliyebaki amesimama mpaka kikao kikaisha, na alipoomba radhi aliomba mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, bila kuzungusha maneno.

Nje kwenye ukumbi Bosi alimwita Fundi pembeni. "Majaribio yako naongeza miezi mitatu. Menyu lazima uiandike upya, na utaijaribu kwa watu, si kwa kidole chako."

"Sawa."

"Usidhani nakupongeza."

"Sidhani," akasema Fundi, huku machozi yakimtiririka kwa furaha. Bosi akampa maji yake anywe, kitu ambacho ofisi nzima isingeamini.

*

Menyu mpya ilifika kliniki Jumatano iliyofuata. Mama Muhuri alikuwa amerudi kwenye meza yake, na muhuri ulikuwa mahali pake karibu na kidau cha wino. Msichana wa dirisha la pili alikuwa amemletea mto wa kukalia bila kuambiwa na mtu, na hakuna kati yao aliyeutaja.

Karibu na saa nne aliingia yule bwana wa mguu uliovimba, sasa akitembelea mkongojo. Kibao chake kilikuwa namba ishirini na tano. Alipomwona aliyekaa mezani alisita, akatazama sakafu.

"Karibu, baba," akasema Mama Muhuri. "Sogea, mguu huo usiusimamie."

Alipeleka mshale chini kabisa. Akabonyeza. Moja, mbili. Akainua. Menyu ilichomoza na kubaki palepale wazi, haikuchagua kitu. Mshale ulikuwa pembeni yake, haujagusa mstari wowote, na Futa ilikuwa imetengwa peke yake kwa mstari mwembamba. Mama Muhuri aliitazama, nayo ikatulia.

"Haya, inaningoja," akasema kwa sauti.

"Nini, bibi?"

"Si wewe, baba." Akachagua Fungua. Faili likafunguka, na akagonga kadi ya yule bwana.

Alipoipokea kadi, yule bwana alisema chinichini, "Siku ile nilikuvunjia heshima. Nisamehe."

"Ulikuwa unaumwa," akajibu. "Nenda chumba cha pili."

Jioni hiyo, chakula kikiwa bado jikoni, Fundi aliweka karatasi moja mezani mbele ya mama yake. Ilikuwa sehemu ya kazi yake aliyoichapisha, mistari ya alama na mabano ambayo Mama Muhuri hakuielewa hata kidogo. Katikati kulikuwa na sentensi chache za lugha ya watu. Fundi alimweleza kwamba waandishi wa programu huacha maelezo ya namna hiyo. Kompyuta huyaruka, yanaandikwa kwa ajili ya binadamu atakayekuja kuishika kazi hiyo baadaye.

Mama alivaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Kidole kikiinuka mara ya kwanza, usichague kitu. Wapo watu wanaobonyeza kwa kutulia. Mmoja ni mama yangu, na kwa mkono huo nimekula na kusoma. Menyu iwangoje. Ukija kubadilisha hapa, muulize kwanza mtu wa mapokezi.'"

Alisoma tena, safari hii kimoyomoyo.

"Na hii itakaa humo ndani?"

"Itakaa, mama. Nakushukuru. Sikuwahi kukuambia, na nilipaswa."

"Ningekuwa nimekulea vibaya ungenyamaza," akasema Mama Muhuri. "Nami nashukuru. Nashukuru sana, mwanangu."

Kinyozi, aliyekuwa na sufuria mkononi, alisimama mlangoni asijue aingie au atoke.

Mama Muhuri alifungua mkoba. Akatoa muhuri na kidau chake cha wino, akazungusha tarehe kwa kucha mpaka ikawa ya siku ile, akaulowesha. Akauweka chini ya sentensi za binti yake na kuukandamiza kwa mkono wote. Moja. Mbili. Hakuna aliyemharakisha. Alipoinua, neno lilikuwa limeshika vizuri, herufi zote mpaka kwenye pembe iliyomeguka: IMEPOKELEWA.